Alama ya Reli

Pemba haijapita treni hata moja,
lakini usiku kucha, ukumbini Wete,
mimi na Shaame tunafunga alama ya reli ukutani:
mistari miwili juu ya miwili,
kisha maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja,
mwaniwetu.

Skrini tisa zilipanda boti Unguja.
Nane zilishuka Mkoani zikiwa hai.
Ya tisa tuliiwasha, tukaipiga kofi, tukaisomea,
ikabaki nyeusi, pembeni, chini, kulia.
"Iache," Shaame akasema. "Kinywa hakikosi pengo."

Ruta tukaipandisha juu ya kabati la vikombe vya mpira,
waya chini ya mkeka, mkeka tukaubana kwa gundi
mgeni rasmi asije akajikwaa.
Kila ujumbe utakaotumwa na alama ile
utapanda ukutani baada ya pumzi tatu.
Nikajaribu mimi kwanza: moja mbili, moja mbili.
Shaame akajibu kutoka chooni: nakusoma.
Tukacheka peke yetu, viti mia mbili vikitutazama.

Saa sita usiku akaja mratibu, Bwana Haroub,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Maneno ya kuzuia.
Akayasoma kama mtu anayesoma cheti cha dawa:
bei. deni. wizi. mnunuzi.
"Si kwamba hatutaki yasemwe," akasema,
"ila wafadhili watakuwepo."
Nikaandika. Mistari minne tu ya msimbo.
Mkono haukunitetemeka,
na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo,
mimi niliyesomeshwa na kucha za mama zilizoliwa na chumvi.

Asubuhi wakaingia, wa Fundo, wa Tumbe, wa Kiuyu,
simu zimefungwa kwenye pindo za kanga.
Bi Mwanakombo akaniuliza hiyo reli inabonyezwa wapi.
Nikamwonyesha. "Kumbe hii!" akasema.
"Mie hii naibonyeza kila siku nikitazama salio."

Ukuta ukaanza vyema:
karibuni, hongereni, picha ya sambusa,
mtoto aliyevaa miwani ya babu yake.
Lakini kwenye kompyuta yangu, nyuma ya pazia,
yaliyozuiwa yalikuwa yakipanga foleni:
kumi, arubaini, mia na tatu.
Wakaona hayatoki.
Vichwa vikainamiana, vikanong'ona, vikaachana.
Hawa wamelelewa na majina ya kanga;
kulificha neno na kulitangaza
kwao ni kazi ya mkono mmoja.

Kabla ya chai, kutoka namba isiyo na picha,
ukuta mzima ukajaa:

*Mwani naanika mimi, jua na chumvi ni vyangu,*
*Nakuletea zi kumi, wasoma nane, mwenzangu,*
*Sina tusi kwa ulimi, natunga kwa haki yangu,*
*Mizani yangu kamili, yako nani ka*

Hapo pengo likameza.

Ukumbi ukanyamaza. Niliona vidole
vikihesabu juu ya mapaja.
"Kaipima," akasema mmoja wa mbele, kwa adabu zake.
"Kaikata," wakadakia wa katikati.
Na nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni,
sauti kavu, haina haraka:
"Kaiiba."

Yote yanaenea. Nne, nne, nne.
Wakaanza kuyajaribu kwa zamu, upande huu na upande ule,
wafadhili wakitabasamu, wakiuliza nini kinachekesha.
Bwana Haroub akanigeukia.
Nikamwonyesha viganja vitupu:
msimbo wangu ulikuwa umewekwa ukutani,
haukuwekwa midomoni.

Neno lenyewe lilikuwa zima kwenye kompyuta yangu,
na herufi zake zote.
Shaame akainama alisome.
Nikashusha kifuniko, taratibu,
nikamwambia akaangalie chai.